Deraya ya Chupuchupu

Mdogo mtu aliifuta sheria ya ngao kwa mara nyingine, akaiandika upya. Lazima dada avutiwe. Lazima leo shujaa wake avae deraya, vazi la chuma la vita, liwalo na liwe.

Kazi yake ilikuwa kutunga michezo ya mezani, ile ya mashujaa na majoka, dadu ikirushwa na bahati ikiamua. Dada yake ndiye aliyemjaribia michezo hiyo tangu wangali watoto, wakichora ramani kwa mkaa sakafuni na kuchapwa pamoja. Shujaa wa dada aliitwa Chupuchupu, maana ndivyo alivyoponea kila mara. Wenzake wameliwa, wamechomwa, wamezikwa. Yeye na kizibao chake cha ngozi anaruka huku, anateleza kule, huyoo, kashatoka!

Sasa dada alikuwa kitandani, tumbo limevimba. Daktari alishasema bila kumung'unya maneno: uvimbe utolewe wiki hii, la sivyo hatapona.

"Sipasuliwi," dada alisema. Mumewe alibembeleza, mama akalia, wapi! Walikuwa wanampigia mbuzi gitaa. "Mimi na Chupuchupu ni kitu kimoja. Yeye hajafa, na mimi sifi. Siku akifa yeye, ndiyo mchimbe kaburi langu."

Mdogo mtu aliingia chumbani na ramani yake, akaitandaza juu ya shuka.

"Dada, sheria mpya za deraya hizi. Chagua unachotaka."

Macho ya mgonjwa yaling'aa. "Ngao hii inazuia moto?"

"Inazuia."

"Na hii deraya ya pete za chuma?"

"Meno ya joka hayapenyi."

"Kofia je?"

"Chukua. Chukua na viatu vya chuma."

"Mh! Leo umeamkaje, mdogo wangu? Siku zote unaniwinda utadhani nilikula mahari yako."

"Nakupenda, dada," alisema, akimsogezea karatasi ya sheria.

Dada akabeba kila kitu. Safu ya uzito wa kila kifaa, pembeni mwa karatasi, hakuitazama. Hakuwahi kuisoma maishani mwake, kwa kuwa kizibao cha ngozi hakikuwa na uzito wa kumsumbua mtu.

Mchezo ukaanza. Joka likatema moto, ngao ikazuia. Likauma, meno yakavunjika. Dada akacheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu, na shemeji aliyesimama mlangoni akageuka kufuta machozi. Hakuwa amemsikia mkewe akicheka tangu augue.

"Joka linakimbia," mdogo mtu alisema. "Limevuka mto."

"Nalifuata!"

"Daraja limebomoka, dada."

"Naogelea. Lini Chupuchupu alishindwa na maji?"

Mdogo mtu alifumba macho.

"Haya. Jumlisha uzito wako, halafu urushe dadu. Lazima dadu iuzidi uzito."

Dada akajumlisha. Kicheko kikakatika. Akaifunga dadu kiganjani, akaipulizia, akaitupa. Ikabiringika juu ya shuka, ikatulia.

Sita. Dadu haina namba kubwa kuliko hiyo, na haikutosha.

Shemeji alisogea, akaitazama ile dadu, akashika kichwa.

"Kazama," dada alinong'ona. "Chupuchupu wangu kazama." Akamkamata mdogo wake mkono, kucha zikamwingia. "Kumbe tunakufa. Mdogo wangu, kumbe na mimi naweza kufa! Naogopa. Nipelekeni wakanipasue, leo hii, msingoje!"

"Twende, dada," alisema mdogo mtu, akilia kwa sauti bila aibu, huku akimvisha kandambili. Begi la nguo za dada za hospitali alikuwa ameshalitia garini tangu asubuhi.