Ng'ombe wa Miguu Mitano

Kutoka Tongaren hadi Kitale si mwendo wa kutisha. Lakini Eliakim Wakoli, mzee wa kanisa, alipitia Bungoma. Yaani aliamka alfajiri, akashuka mpaka Bungoma mjini, akabadilisha gari, kisha akapanda tena kwenda Kitale. Saa nne nzima barabarani, kama mtu anayejikuna sikio la kulia kwa mkono wa kushoto.

Aibu tu, hakuna kingine. Pale stejini Tongaren kila mtu anamjua, na wakimwona amepanda gari la Kitale wataanza: ati mzee anaenda tena kuangalia wanyama? Basi akamwambia mkewe, Nabwile, kuna mkutano wa wazee wa kanisa huko Kibabii. Mzee wa kanisa, Jumanne asubuhi, na uongo mdomoni!

Bustani ya wanyama iko nje kidogo ya mji. Ndung'u, mkata tiketi, alimwona kutoka mbali.

"Mzee wa ng'ombe! Karibu. Si tukukatie tu tiketi ya mwaka mzima?"

"Nikatie ya leo," Eliakim alisema, akishusha kofia machoni.

"Na njugu umebeba tena. Bana, ng'ombe hali njugu za kukaanga."

Eliakim aliuficha mfuko ndani ya koti. Alikuwa amekuja mara tatu kabla ya siku hiyo. Kila mara alileta njugu, na kila mara alirudi nazo nyumbani.

Miaka sita iliyopita, ng'ombe wake alizaa ndama wa miguu mitano, ule wa tano ukining'inia begani. Watu walijaa uani kutazama, wengine wamebeba watoto. Kanisani wakanong'onezana: jamani, boma la mzee lina nini mwaka huu? Eliakim hakuweza kuvumilia. Alikodi pikapu, akasimama mlangoni, na mbele ya majirani wote akapaza sauti: "Ondokeni na mikosi yenu! Msikanyage tena kwangu!" Pikapu ilienda imejaa, ikarudi tupu. Watu wakamsifu. Huyo ndiye mwanamume, walisema, hachezi na aibu.

Sifa zile ndizo zilizomkwama kooni mpaka leo. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, kusema "nisamehe." Neno moja! Mara tatu alifika mpaka kwenye zizi, akasimama, ulimi ukawa mzito, akageuka akaenda zake. Unacheka? Haya, jaribu wewe kuomba msamaha kwa uliyemfukuza mbele za watu, halafu urudi utuambie ilikuwaje.

Siku hiyo zizi lilikuwa limezungukwa na akina mama kutoka Myanga, kikundi kizima na leso zao. Eliakim alijibanza nyuma yao. Myanga ana mashemeji, na shemeji akikuona pabaya, habari hufika nyumbani kabla yako.

Ndani ya zizi, mwanamke kijana anayetembeza wageni, amevaa sweta ya kijani na viatu vya gambuti, alikuwa akimsugua yule ng'ombe wa miguu mitano mgongo kwa burashi huku akieleza.

"Huyu hana mkosi wowote. Amezaa mara mbili, ndama wazima kabisa. Na maziwa yake tunakunywa."

"Na mwenyewe alimtupa tu hivyo?" mama mmoja aliuliza.

"Alimtoa na pikapu. Njia yote kulikuwa na mtu amemshika shingo asianguke."

"Haki watu wengine hawana roho! Mimi nikimwona huyo mzee, nitamtemea mate."

Wenzake waliangua kicheko. Eliakim aliangalia viatu vyake. Masikio yalimwaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze na koti lake na njugu zake. Mwanamke wa burashi hakucheka.

"Usimtemee, mama," alisema. "Huwa anakuja. Analipa kama mgeni, anasimama huko nyuma, halafu anaenda."

"Ai! Anakuja kumwambia ng'ombe nini?"

"Bado hajasema."

Akina mama waliguna, wakatingisha vichwa, wakaelekea kwa kobe. Eliakim alibaki peke yake mbele ya zizi. Alitaka kuondoka kama siku zote, akapiga hatua mbili kuelekea getini. Kisha akasimama. Ana miaka sitini na tisa, magoti yanauma, na hakuna aliyemwahidi safari nyingine.

Alirudi. Alivua kofia, akashika mti wa zizi kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe," alisema. "Nilikosa. Niliogopa watu. Nisamehe."

Ng'ombe aliendelea kutafuna nyasi zake, wala hakuinua kichwa. Mwanamke kijana aliweka burashi chini. Alipangusa mikono kwenye sweta, akaja mpaka kwenye mti wa zizi, akauchomoa ule mfuko ndani ya koti la Eliakim. Alitafuna njugu moja, akatafuna ya pili, machozi yakimtoka bila haya.

"Ukija tena usikate tiketi, baba," alisema. "Wazazi wa wafanyakazi huingia bure. Na leo usikimbilie gari, mjukuu wako, yule niliyeondoka naye tumboni, anatoka shule ya nasari saa sita."