Diski ya Visima

Tega sikio. Wawili wanalala chumba kimoja lakini hawali sahani moja. Chakula cha huyu, mwenzake akitiwa kinywani anakitema. Ni nini? Hujui? Basi nipe mji. Umenipa Tabora? Ahsante, ndiko huko huko. Ni kompyuta mbili za ofisi ya visima, na asubuhi hiyo Imakulata alikuwa amekaa mbele ya moja.

Diski ilikuwa tupu.

Aliitoa, akaipuliza, akairudisha. Tupu. Visima vyote vya vijiji vya Ujamaa kuanzia Tura mpaka Kaliua, kina cha kila kimoja, maji matamu au ya chumvi, kipi kilikauka kiangazi: kazi ya miaka mitatu, halikubaki hata jina la kijiji. Karatasi zake mchwa walishazila stoo. Nakala hakufanya, maana diski mpya zilikuwa adimu kama sabuni.

Na Ndugu Lugembe, mkaguzi kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameshashuka kwenye treni.

Kosa lake alilijua. Jana mchana alikwenda kula kwa shangazi yake, mtaa wa Chemchem, akaiacha diski ndani ya mashine. Onyo lilikuwa limebandikwa ukutani: usiache diski ndani, umeme ukikatika inaharibika. Tonge lilikuwa mkononi redio ya shangazi iliponyamaza ghafla. Alikimbia hata bila kunawa. Alipofika, kioo kilikuwa cheusi, na umeme haukurudi mpaka asubuhi.

Nyuma yake Abbasi, karani wa kompyuta ya pili, alikuwa mbele ya mashine yake, kimya. Hilo nalo lilimtisha. Siku nyingine angekuwa ameshamchokoza.

Mashine ya Abbasi ndiyo iliyotangulia kuja, wakaiita Mzee. Ya Imakulata ililetwa na wafadhili wengine, akaifumia kitambaa cha kuifunika, Abbasi akaibatiza Bibi Harusi. Kila moja ilikuwa na mfumo wake wa kuiendesha, na kila karani alikuwa akifa na yake, kama watu na timu za mpira.

"Dada, hiyo yako haina adabu," Abbasi alikuwa akisema. "Mzee unamwambia kwanza mzigo unakwenda wapi, halafu unatoka wapi. Mpagazi wa Kinyamwezi hajitwiki kitu mpaka aijue safari."

"Kaka Abbasi, mpagazi gani anataja Bagamoyo kabla hajauona mzigo? Yangu naiambia: chukua hapa, peleka pale. Hata mtoto anaelewa."

"Ehe, umesema mwenyewe. Ya watoto. Mimi siigusi hata kwa fimbo."

Kicheko kilikwisha siku ilipofika habari kwamba mradi utabaki na mfumo mmoja tu, ule atakaouchagua mkaguzi. Mashine ya pili itapakiwa kwenye treni, na karani wake atarudi kwao.

Na kurudi kwao ndilo lilikuwa jambo dogo. Mwaka uliopita ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi. Damas, mtunza stoo wa mtaa wa pili, alishindwa kueleza mabomba ya umma yalikokwenda. Walimchukua akiwa na ndala miguuni, na mpaka leo mkewe anapeleka chakula mahabusu.

Gari lilisimama nje.

"Shikamoo, ndugu."

"Marahaba." Ndugu Lugembe alivuta kiti bila kukaribishwa. Dereva wake akasimama mlangoni, akauziba. "Tuanze na hii mpya. Nionyeshe kisima cha Tura."

Imakulata aliandika. Kioo kikajibu kwamba hakuna kitu.

"Cha Kaliua, basi."

Hakuna kitu.

"Diski ya visima ndiyo hii?"

"Ndiyo, ndugu."

"Na kazi ya umma iko wapi?"

Ndugu Lugembe akavua miwani, akatoa kalamu mfukoni. Sauti yake ilishuka, na ilivyoshuka ndivyo ilivyozidi kutisha.

"Nani aliyeishika diski hii mara ya mwisho?"

Feni ilizunguka. Imakulata alijikuta anaitazama miguu yake mwenyewe: ndala. Abbasi hakuhitaji kufanya lolote. Akinyamaza tu, Mzee anabaki, na yeye anabaki.

"Nimeuliza."

Imakulata alisimama. Akafungua kinywa. Nyuma yake kiti kikaburuzwa sakafuni.

"Mimi," alisema Abbasi.

"Kaa, kaka," Imakulata alinong'ona, machozi yanamlenga. "Usinibebee."

"Sikubebei, dada." Abbasi alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kofia. "Ndugu mkaguzi, ni jana, alipokwenda kula, kabla umeme haujakatika. Nilitaka nakala ya diski yake. Nikaiamuru Bibi Harusi vile ninavyomwamuru Mzee, nikaanza na kule badala ya hapa. Ile tupu ikaandikwa juu ya iliyojaa."

Ndugu Lugembe aliiweka kalamu mezani.

"Wewe una mashine yako. Kwenye hii ya mwenzako ulikuwa unatafuta nini?"

Abbasi hakumtazama Imakulata.

"Najifunza, ndugu. Tangu ilipoletwa, kila akienda kula, najifunza." Akavua kofia. "Ya kwake ndiyo nzuri."