Kidole Gumba cha Bi Salha

Siku hizi kitabu kipya hakitoki mpaka mama mzazi wa mwandishi akisikilize, kisha aweke kidole gumba kwenye kimoja cha vitufe viwili vya kioo cha simu. Akibonyeza cha kijani kitabu kinatoka, chekundu kinafutwa.

Zuhena alimsomea mamake, Bi Salha, kitabu chake kipya, habari za wakubwa waliouza kisima cha mtaa. Akilini mwake Bi Salha akawaona askari mlangoni kabla hawajafika. Akabonyeza chekundu kwa kidole gumba cha kulia.

"Nimekuokoa, mwanangu."

"Haya, mama," Zuhena akajibu, akaenda kuosha vyombo.

Jioni Bi Salha alimsikia Raya, kitinda mimba wake, akimsomea dada yake Zuhena hadithi jikoni, wanacheka. Alipoingia, Raya akakalia karatasi.

"Mnasoma nini?"

"Hatusomi kitu, mama. Chai tayari."

Bi Salha akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuficha ndani ya kanga.