Jina Ambalo Bibi Hakulitaja

Siku hizi kila nyumba ina kisanduku chenye sauti ya marehemu wake, kiwafundishe watoto lugha ya ukoo. Chetu kinaongea kwa sauti ya bibi yangu, Atuganile. Jana jioni nilikuwa nasonga ugali, kikimsimulia mwanangu Bupe hadithi kwa Kinyakyusa. Mara nikakisikia kinasema, "Baba mkwe wangu, mzee Ambakisye."

Mwiko ukanisimama mkononi. Kwa mila yetu mke hamtaji baba mkwe, na Bibi hakuwahi kutamka jina la mkwewe mpaka anazikwa. Mzee akitokea njiani, yeye alikuwa anakimbilia migombani.

Nikafunga mlango wa jikoni, nikamnong'oneza mama, "Huyu si Bibi. Bibi asingemtaja mkwewe."

"Acha maneno. Wewe Kinyakyusa unakisikia tu, hukisemi. Mtoto aongee na nani?"

Leo kisanduku kimerudia hadithi ile ile. Kilipofika kwenye jina kikanyamaza, kikakohoa kidogo kama Bibi, kisha kikasema, "Yule mwenye mji."

Mama akacheka kwa furaha. "Haya, huyo si bibi yako?"

Kisanduku kinakaa sebuleni, na jana nilinong'ona jikoni, mlango nimeufunga.