Hatujawahi Kufiwa

"Je, mmewahi kufiwa na daktari aliyekuwa akisomea hapa?"

Daktari Rosalind Pruitt alikuwa akiandika alama za mwombaji, kalamu ikasimama. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkuu wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili katika hospitali hiyo ya Ohio, na waombaji wote huuliza yale yale: zamu ni ngapi, likizo ni siku ngapi, nani anamsimamia mwanafunzi wodini. Kijana huyu, Emmett Sayles, alikwisha kuyauliza hayo. Magotini alikuwa na karatasi aliyoipiga mistari, kila hospitali na safu yake, akiijaza taratibu kama mtu anayetafuta nyumba ya kuhamia.

"Hatujawahi," akasema Rosalind. "Hapa sisi ni familia."

Kijana akamtazama kidogo, akaandika neno moja kwenye karatasi yake. "Asante, Dokta."

Ulikuwa uongo mtupu. Miaka miwili nyuma, Joanna Bremer, aliyekuwa bado anatumia jina la mume waliyekwisha kuachana naye, alijiua nyumbani kwake akiwa mwaka wa tatu wa mafunzo. Ndiye aliyekuwa akiwaimbia wagonjwa wazee mpaka wakakubali kumeza dawa. Rosalind alimwona anakonda, akamwambia apumzike, kisha akampangia zamu nyingine kwa kuwa hakukuwa na mtu. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo mpaka leo.

Wanasheria wa hospitali walikuja kesho yake. Jina lisitajwe, maua yatumwe, na mtu yeyote asiende mazikoni kwao Montana. Rosalind akatii, Mungu amsamehe. Picha ya Joanna ikaondolewa ukutani kabla ya wiki kwisha, na wenzake waliotaka kulia walilia chooni.

Emmett alipotoka, Lorna, katibu wa mafunzo, akaingia na faili la mwombaji mwingine.

"Vipi huyu, Dokta? Uso umekushuka."

"Ameniuliza kama tumewahi kufiwa."

"Ukamjibuje?"

"Kama wanasheria walivyotaka," Rosalind akasema, akiitazama theluji ikianguka kwenye maegesho ya magari.

"Basi yaache hapo," Lorna akasema. "Mwaka jana nafasi mbili zilikosa watu. Tukikosa tena, wakubwa wanafunga mafunzo, halafu wale wagonjwa huko juu watatibiwa na nani, na wewe peke yako? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kapita mara ngapi sasa, Lorna? Mkono unaniuma kwa kufunika."

Lakini kijana hakumtoka akilini. Alikuwa amepauka, kucha zimetafunwa mpaka kwenye nyama. Rosalind aliwatazama watu kwa kazi, akajua kwamba swali lile haliulizwi na mtu anayelala vizuri. Anajiogopea, akasema moyoni. Anatafuta mahali ambapo hatakufa. Na hapo akaapa kwamba huyu hatamponyoka.

Mwezi Februari orodha zikapangwa. Mwombaji huzipanga hospitali kwa kadiri anavyozipenda, hospitali nazo huwapanga waombaji, kisha kompyuta moja huwaoza wote kwa mkupuo, na ikishaoza hakuna talaka. Rosalind alimweka Emmett wa kwanza. Wenzake kwenye kamati walinung'unika, maana walikuwapo wenye alama bora zaidi, naye akawaambia kwamba alama hazimkeshei mgonjwa. Yeye Emmett amewaweka wa ngapi, hiyo ni marufuku kuuliza, basi akabaki kumwomba Mungu.

Machi majibu yakaja. Nafasi zote sita zimejaa, na jina la Emmett Sayles limo.

"Tumepona!" Lorna akapiga kelele koridoni, akamkumbatia mhudumu aliyekuwa anapiga deki.

Rosalind alifunga mlango akalia. Kisha akajifuta, akapanda kwa wakubwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akagonga meza. Aliwaambia kwamba asipopunguziwa zamu za wanafunzi wake kwa theluthi, wamtafute mkuu mwingine. Akadai daktari wa nje ambaye wanafunzi wataweza kumwendea kwa siri, asiandike chochote popote. Walimkatalia Aprili, wakamkatalia Mei, wakachoka naye Juni. Alitia sahihi karatasi za makubaliano akimfikiria kijana wa kucha zilizotafunwa, na akaona kwamba huenda Mungu amempa wa kumlea badala ya yule aliyempoteza.

Tarehe mosi Julai, Emmett akaja kuripoti, koti jeupe likiwa bado na mikunjo ya dukani. Rosalind alimkalisha, akammiminia kahawa kwa mkono wake.

"Sasa naruhusiwa kuuliza. Ulituweka wa ngapi?"

"Wa kwanza, Dokta."

"Wa kwanza! Na hospitali kubwa kubwa zote zile zilizokuita?" Alicheka, machozi yakimlengalenga. "Kwa nini sisi, mwanangu?"

"Kwa lile jibu ulilonipa."

Rosalind alitaka kusema kweli, maneno yakafika ulimini, akayameza. Akamshika mkono.

"Usiogope," akasema. "Hapa utakuwa salama. Nakuahidi."

Emmett aliuacha mkono wake ulipokuwa, akasema polepole, bila hasira yoyote:

"Nilikwenda hospitali saba, na kote niliuliza swali lile moja. Mbili nyingine zilikuwa zimefiwa, na kote kuwili walinitajia jina la marehemu wao, wakalia mbele yangu. Dada yangu Joanna peke yake ndiye aliyekosa wa kumtaja, nikaona nije mimi."