Mwalimu Anayefumua

Kifurushi cha simu kilitosha kupakua kozi moja tu ya kuandika programu. Jumatatu kiwandani mafundi wangejaribiwa kuiandikia maagizo mashine mpya ya kudarizi, na atakayeshindwa angeondoka na mkasi wake. Fundi Sindano aliikodolea simu macho utadhani itamng'ata.

"Chukua huyu mwalimu wa suti," mdogo wake alimhimiza walipotazama vionjo vya kozi mbili. "Hakosei hata herufi!"

"Ndiyo maana ananitisha."

Mwalimu wa pili, mzee mwenye kikohozi, programu yake ilimgomea katikati ya kionjo chake. Akacheka, akarudi nyuma mstari kwa mstari, akafuta, akaandika upya. Fundi akaona mtu anayefumua mshono. Yeye mwenyewe ushonaji aliujulia kwenye kufumua.

"Dada, huyo anabahatisha! Tutakula nini?"

"Kwani wewe ukikosea gauni unalitupa?"

Ujumbe ukaingia: kifurushi kinakaribia kuisha. Fundi akabonyeza. Simu haikusikia, dole gumba lake lilikuwa limechomwa na sindano mpaka likawa kwato. Akabonyeza tena. Wapi!

Mdogo wake akanyoosha kidole chake laini kuelekea picha ya yule wa suti.

Fundi akakidaka hewani, akakivuta hadi kwenye picha ya mzee wa kikohozi, akakikandamiza.