Chai Iliyomwagwa Dirishani

Daktari aliingia wodini na kumkuta Zaitun ameshaweka vidonge viwili kwenye ulimi wa mumewe.

"Tema!"

Mume akatema.

"Dokta, si ulisema moyo wake umevimba?" Zaitun alihamaki. "Hivi vinashusha uvimbe. Nimevinunua Makambako, maduka ya dawa siku hizi hayakosi kitu."

"Vinashusha, lakini vinapunguza kinga ya mwili. Kama ni kirusi kilichouvimbisha, tutakuwa tumekiachia uwanja. Damu ipimwe kwanza, Dar."

"Majibu lini?"

"Tukisubiri gari la hospitali, wiki mbili."

Zaitun alibonyeza mguu uliovimba wa mumewe kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

Akanyakua chupa ya chai, akafungua dirisha, akaimwaga yote. Majani ya nje yenye sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, yakafuka mvuke.

"Damu iwekwe humu na barafu. Basi la Songea kwenda Dar linapita hapa Njombe saa nne, na dereva ni kaka yangu. Ataikabidhi maabara mwenyewe."

Daktari akatoa sindano.

"Zaitun," mgonjwa alinong'ona, "ile ilikuwa chai yangu."

"Utakunywa ukipona," Zaitun alisema, akamnyoosha mkono. "Kunja ngumi."